Soketi ya Bafuni

Nyamazeni kidogo. Leo nawaletea kesi, na hukumu sitoi mimi. Kinachogombewa ni jina la mtoto.

Kulikuwa na wanawake watatu huko Lindi, kila mmoja na kipaji chake. Havijawa, fundi umeme mwenye leseni, alikuwa na jicho la kuiona balaa kabla haijabisha hodi. Bi Sikudhani alikuwa na moyo mtulivu. Hata paa liwake moto, yeye angetafuta viatu vyake kwanza. Na Binti Chande, mkunga mstaafu, alikuwa na mikono iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa ule.

Wa nne ni Bi Somoe. Kipaji chake, Mungu amsamehe, kilikuwa haraka.

Binti yake Zaituni alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na mzazi sharti akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Somoe alichoka kubeba masufuria kutoka jikoni. Akanunua hita ya kuchemshia maji ndooni, akamwita Havijawa amfungie soketi bafuni.

Havijawa aliikagua nyumba nzima, akatoka anatikisa kichwa.

"Mama, bafuni siweki soketi. Nyumba hii haina hata waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukivuja, utapita kwa mtu."

"Nimekuita ufunge, sikukuita unihutubie!"

"Basi walau niishushe swichi kubwa ya kuzima nyumba nzima."

Swichi hiyo ilikuwa juu karibu na dari, haifikiwi bila kupanda stuli. Havijawa akaishusha hadi usawa wa bega, hatua tatu kutoka bafuni, akaipaka rangi nyekundu. Kisha akawakusanya wote wa nyumbani, na Bi Sikudhani aliyekuja kumlea mzazi. "Mtu akinaswa na umeme, msimguse. Zimeni hapa kwanza." Somoe akabetua midomo, akamwonyesha mlango.

Kesho yake akamwita jirani mmoja, bingwa wa kutengeneza redio. Nusu saa tu, soketi ikawa ukutani. "Huyu ndiye fundi," akasema Somoe, "hana maneno mengi."

Siku ya tano ya uzazi, asubuhi, Somoe na Bi Sikudhani, mama mkwe wa Zaituni, walikuwa bafuni wakimkanda mzazi. Hita imo ndani ya ndoo ya bati. Zaituni, miguu imelowa, akashika mkono wa ndoo aisogeze.

Hakupiga hata kelele. Alikakamaa, macho yamemtoka, vidole vimeganda kwenye ndoo. Somoe aliyaona meno ya mwanawe yakiumana, akili ikamruka. Akajirusha kwenda kumkumbatia.

"Usimguse!" Bi Sikudhani akamvuta kwa kanga, akamwangusha chali mlangoni. Bila kupapatika akamruka, akaenda, akaizima swichi nyekundu. Zaituni akaporomoka sakafuni.

Lakini alikuwa hapumui.  Somoe aliweka sikio kifuani kwa mwanawe na hakusikia kitu. Hakusikia kitu kabisa! Ukelele ulipigwa na Bi Sikudhani, na Binti Chande akaja mbio kutoka nyumba ya pili, unga bado mikononi. Akapiga magoti kwenye maji. Akakandamiza kifua, akampulizia pumzi, akakandamiza tena, jasho linamtiririka, majirani waliojaa mlangoni wakianza kumwambia amwache marehemu apumzike. Akapuliza tena. Zaituni akakohoa.

Siku ya saba ikawa siku ya jina. Kwa ukoo ule mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama, na Somoe alikwisha kuapa mbele za watu kwamba atampa la yule aliyemrudishia mwanawe. Wote watatu walihudhuria.

"Swichi ingebaki darini, nani angeifikia?" alisema Havijawa.

"Swichi haina miguu, mwanangu," Bi Sikudhani akacheka. "Aliyekwenda ni mimi. Na nisingemvuta Somoe, leo tungekuwa tunasoma hitima mbili."

"Umeme mliukata, ahsanteni," Binti Chande akasema. "Mimi mkaniachia maiti."

Somoe aliwatazama mmoja mmoja. Kila jina lilikuwa la haki, na kila jina liliwadhulumu wawili. Kumtazama Havijawa usoni ndiko kulikomshinda. 

Zaituni, kiganja kimefungwa bandeji, akamwekea mtoto mapajani.

"Taja basi, mama. Mimi siku ile sikuona kitu. Wewe ndiye uliyeona yote, tangu siku ya fundi."

Somoe akafungua kinywa, na hapo ndipo ninapomwacha. Nanyi mmeyaona yote kama yeye. Fundi, mama mkwe, au mkunga: haya semeni, mtoto huyu mngemwitaje?