Nani Ameonja Ghala la Wazee?

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sikuwasikia. Na wewe mama unayemenya njugu, itika, hadithi hii ni yako pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wote walipokuwa na baraza moja na kila mmoja ana haki ya kusema, palikuwa na Kanga. Ndege yule wa madoa meupe, mwenye kichwa kidogo na ukaidi mkubwa. Kila asubuhi Kanga alimfuata Bibi Tembo. Bibi Tembo akienda, Kanga yuko nyuma. Bibi Tembo akisimama, Kanga yuko nyuma. Mnauliza kwa nini nyuma? Kwa sababu nyuma ya tembo, samahanini mnaokula, huanguka kinyesi, na ndani ya kinyesi mna mbegu. Kanga alichakura, chaku chaku chaku, akala, akashiba. Mama yake alilelewa hivyo, na vifaranga wake aliwalea hivyo hivyo.

Siku moja akachakura, akashangaa. Majani yametoka mazima. Vijiti vimetoka vizima. Kila kilichoingia mbele kimetoka nyuma kama kilivyoingia. Kanga akazunguka, akaenda mbele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umepotea njia? Kwako si huku."

"Bibi, fungua kinywa."

"Kinywa changu kina nini?"

"Fungua tu, Bibi."

Bibi Tembo akageuza uso kulia. Kanga akaenda kulia. Akageuza kushoto. Kanga akaenda kushoto. Mwisho bibi wa watu akachoka, akafungua. Ndani mlikuwa na ufizi mtupu. Jino la mwisho lilikuwa limesagika, limebaki kipande kama kijiwe cha mtoni.

Sasa Bibi Tembo alikuwa na majivuno yake, na alikuwa na haki nayo. Mwaka wa ukame mkubwa yeye ndiye aliyechimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga mpaka maji yakatoka, na kila mnyama akanywa. Aliyewanywesha wote hakutaka aitwe kibogoyo.

"Niapie, mjukuu wangu," alisema. "Usimwambie mtu."

"Naapa, Bibi. Lakini kiangazi kinakuja. Utakula nini?"

"Si wamejenga ghala? Nitakula humo kama wazee wenzangu."

Kanga akaaga. Moyoni akasema: ghala, ngoja nikalione.

Ghala lenyewe lilitokana na aibu. Kiangazi kilichopita mzee Pundamilia alianguka kando ya njia kwa njaa. Mmoja alipita, wa pili akapita, kila mmoja akidhani mwingine atamlisha. Akafa. Wanyama waliinamisha vichwa. Bwana Nyati, mwenye pembe pana na sauti pana zaidi, akasema hili halitarudi tena, na kweli alikusudia. Akatunga sheria ya Fungu la Uzeeni. Kila mnyama atoe sehemu ya anachokipata, kiwekwe ghalani, na akizeeka aje ale. Twiga, mwenyekiti wa baraza, ndiye aliyechora ghala. Likajengwa juu ya mwamba, mlango ukawekwa juu kabisa ili panya wasifike. Ndani wakajaza makoma makavu, yale matunda ya mkoma yenye kokwa kama jiwe, na mbegu za mgunga, vyote vigumu, maana kilaini huoza.

Kanga akaenda, akaangalia. Akaliangalia ghala kwa jicho la kulia, akaliangalia kwa jicho la kushoto. Hakupenda alichokiona.

Siku ya baraza la kuipitisha sheria ikafika. Wanyama wakajaa uwanjani, chini ya mwamba wa ghala. Bwana Nyati akapanda kichuguu.

"Waheshimiwa, katika sheria hii hakuna kuomba. Hakuna kubembeleza. Ukizaliwa umo. Ukiamka asubuhi umo. Asiyetaka ndiye atakayekuja hapa aseme kwa kinywa chake kwamba hataki. Wengine wote mmeshaingia. Akiba haiozi."

Wanyama wakapiga kwato. Puu, puu, puu. Ipite, ipite, ipite.

Twiga akasema, "Kuna swali?" Aliuliza kwa adabu tu, huku ameshanyanyua mguu wa kupitisha.

"Lipo," ilisema sauti ya chini.

Twiga akainamisha shingo, akatafuta, akatafuta.

"Ni mimi, Kanga. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwetu sote anayepakua huonja kwanza. Mpishi huonja mchuzi kabla haujafika kwa mgeni. Ghala hili tumewapikia wazee. Nani ameonja?"

Wanyama wakacheka. Nyati akacheka pia. Akaokota koma moja lililodondoka chini ya ghala, akalitia kinywani. Kwatu! Likavunjika.

"Nimeonja mimi. Umeridhika, Bi Kanga?"

"Wewe una meno, Bwana Nyati. Ghala si lako bado. Akiba haiozi, ni kweli. Mimi nauliza, inatafunika?"

"Kwa hiyo unapinga sheria."

"Sipingi. Naitaka kuliko unavyoitaka wewe. Ndiyo maana nauliza. Nani ameonja?"

Baraza lile lilikuwa na desturi moja ya tangu mababu. Mjumbe aliyeuliza asijibiwe hakai, na mjumbe akiwa amesimama, hakuna kinachopitishwa. Kanga akasimama.

Twiga akamtazama kutoka juu. "Bi Kanga, umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Mbona siioni tofauti?"

"Tofauti ninayo mimi miguuni."

Basi wakangoja. Jua likapanda. Pundamilia wadogo wakaanza kunung'unika. Swala akasema ana safari. Fisi akasema ana njaa, lakini Fisi husema hivyo kila siku. Kanga amesimama. Jua likafika utosini. Kanga amesimama.

Twiga akamsogelea, akashusha shingo yote, akanong'ona. "Sikiliza, mama. Ninyi ndege ni wadogo, mnapata kidogo. Tutawasamehe. Hamtatoa fungu lolote. Kaa chini tumalize."

"Sitaki kusamehewa," Kanga alisema. "Nataka kujibiwa."

Kule nyuma ya wote alisimama Bibi Tembo, ameinamisha macho, anachora mchanga kwa mkonga. Kanga alimwona. Neno moja tu lingemaliza kazi. Angesema, mfungueni kinywa Bibi Tembo, na baraza lote lingenyamaza. Neno lilimfika kooni. Akalimeza. Alikuwa ameapa, na kumwokoa mtu kwa kumwaibisha mbele ya watu aliowanywesha, hilo Kanga hakuliweza.

Nyati akapoteza uvumilivu. "Vema. Unataka mzee aonje? Mzee yeyote aje hapa, aonje, tuondoke. Mzee ni nani hapa?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Mzee Nyani, wewe?"

"Mimi?" alisema Nyani, ndevu nyeupe mpaka kifuani. "Mzee nani? Hili ni vumbi la njiani."

"Ngiri, wewe?"

"Nachechemea kwa mwiba tu. Kesho nitakuwa nakimbia."

Nyati akauonyesha uwanja wote kwa pembe zake. "Mmeona? Hapa hakuna mzee hata mmoja. Sasa Bi Kanga, unamsumbukia nani?"

Wakacheka tena, na safari hii Nyani alicheka kuliko wote, amefumba mdomo.

Kanga bado amesimama. Alisikia hasira, na chini ya hasira alisikia uchungu. Aliona kiangazi mbele yake. Alimwona Bibi Tembo amelala kando ya ghala lililojaa, na wapitaji wanapita. Akaimba, maana sauti ndiyo iliyobaki na nguvu. Nanyi itikieni, msiniachie Kanga peke yake.

*Ghala limejaa.*

*Nani ameonja?*

*Mlango uko juu.*

*Nani ameonja?*

*Koma ni jiwe.*

*Nani ameonja?*

Akaimba mara ya pili, sauti imekatika katikati. Hapo ardhi ikatikisika. Tii. Tii. Tii. Bibi Tembo alikuwa anakuja. Wanyama wakampisha. Akafika mbele, akasimama karibu na Kanga, akamfunika kwa kivuli chake.

"Mimi ni mzee," alisema.

Akainua mkonga mpaka kwenye mlango wa ghala. Akatoa koma moja. Akalitia kinywani. Baraza lote likangoja kusikia kwatu. Hawakusikia kwatu. Walisikia koma likibingirika, guru, guru, guru, huku na huku. Walingoja mpaka wakaona haya kungoja. Kisha Bibi Tembo akalitema. Pwe. Likaanguka mbele ya kwato za Nyati, zima, limelowa tu.

Bibi Tembo akafungua kinywa chake, akawaonyesha.

"Mlikunywa maji yangu," alisema. "Sasa tazameni ufizi wangu. Ghala lenu ni zuri. Mimi ningekufa mlangoni mwake."

Hakuna aliyepiga kwato. Nyani akajishika ndevu, akajitokeza polepole, akafungua kinywa. Pengo juu, pengo chini. Halafu Ngiri akaja akichechemea. "Mimi meno ninayo," alisema, "ila mguu huu hauna mwiba. Ni uzee. Hebu niambieni nitafikaje kule juu." Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wazee ambao dakika chache nyuma hawakuwepo.

Nyati aliligeuza lile koma kwa ukwato. Alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mbaya. "Nilitafuna kwa meno yangu," alisema. "Sikufikiri meno ya mwingine."

"Hayo ndiyo maswali ya kuulizwa kabla, Bwana Nyati," Kanga alisema. "Baada ya msiba hakuna anayeyajibu."

Siku hiyo hawakuondoka. Waliifumua sheria, wakaisuka upya. Kuingia kwa kila mnyama bila kuomba kukabaki palepale, maana hilo lilikuwa jema tangu mwanzo. Ila mlango wa ghala ukashushwa mpaka usawa wa Ngiri, na ulinzi dhidi ya panya akapewa Paka Pori, aliyeupokea kwa furaha isiyofichika. Vijana wakapewa zamu ya kuloweka na kutwanga. Na ikaandikwa kwamba kila msimu, kabla mlango haujafunguliwa, wazee wataonja kwanza, na wakikataa, chakula kinarudi jikoni.

Twiga akamgeukia Kanga. "Umejibiwa?"

"Nimejibiwa."

Kanga akakaa. Hakuna aliyeona tofauti isipokuwa Bibi Tembo. Wanyama wakapiga kwato, puu, puu, puu, na sheria ikapita.

Kiangazi kikaja, kikali kweli. Bibi Tembo alikula makoma yaliyotwangwa, laini kama uji wa mtoto. Sasa nyie wenye akili mmeshaona jambo. Chakula kikitwangwa, nyuma hazitoki mbegu. Kanga alichakura, chaku chaku, asipate hata moja. Ikabidi yeye na vifaranga wake wachakure mbali, kwenye majani makavu, jua linawaka. Alilijua hilo tangu siku aliposimama barazani. Hakulalamika. Jioni alirudi kumwamkia Bibi.

Miaka ikapita. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na ule wa Bwana Nyati ukaenda. Pembe zikachakaa. Meno yakaanguka, moja leo, jingine msimu ujao. Siku moja alifika ghalani polepole, peke yake. Mlangoni alikaa Kanga kijana, mjukuu wa yule yule. Akampakulia. Nyati akakitazama chakula, akaogopa kukitia kinywani.

"Mwanangu," aliuliza, "nani ameonja?"

"Wazee wameonja, Babu," alisema Kanga kijana. "Kula."

Nyati akala. Kikashuka vizuri. Akala mpaka akashiba, kisha akabaki amesimama pale, machozi yanamtoka, wala hakujaribu kuyaficha.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ni haya. Akiba ya uzeeni ni jambo jema, na kumwingiza kila mtu ni jambo jema. Lakini jema la wengi haliharibiwi na swali. Anayesimama kuuliza si adui wa ghala, ndiye mlinzi wake. Na anayetunga sheria ya wazee akumbuke kuionja kwa kinywa cha mzee, maana kinywa hicho kitakuwa chake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa ghala. Kama ni tamu au chungu, mimi mpishi sisemi. Semeni nyinyi mlioonja.