Kisima cha Vimondo

Haya, sogeeni motoni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana ngano hii nikiianza sirudi nyuma.

Palikuwa na kisima, na kisima kilikuwa na zimwi. Jioni vimondo vilipopita angani, zimwi lilimwuliza mchota maji jina la kila kimoja. Aliyekosea alimezwa, yeye na mtungi wake.

Mwanamke mmoja, Mbeyu, alikwenda hivyo hivyo, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa mgonjwa wa homa na nyumbani hapakuwa na tone.

Mwanga mwembamba ukapita juu. "Nini hicho?" zimwi likauliza.

"Kimondo."

Ukapita mwingine, ukamulika hata sisimizi wakaonekana wakitembea. "Na hicho?"

"Kinga cha moto. Bibi alisema malaika humtupia shetani anayedukua siri za mbinguni."

Cha tatu kikapasuka juu ya vichwa vyao, vipande vikaruka kama makaa yaliyopigwa teke. Kisha ngurumo ikafuata, maji yakatetemeka kisimani. "Na hicho je?"

Mbeyu angeweza kutunga jina, tena tamu.

"Hicho sikijui," akasema.

Zimwi likashusha pumzi. "Hata mimi sikijui. Wote niliowala walinitajia jina lake, na kila mtu alikuwa na lake. Chota, mwanangu."

Mama mkwe alikunywa, akajifuta mdomo. "Mwanangu, kilichonguruma kule kilikuwa nini?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana maji yamefika."