Maini ya Mashavu

Paukwa!
— Pakawa!
Niseme nisiseme?
— Sema, tumeshakaa.

Hapo kale aliishi Bi Nguchiro, kanyama kadogo ka kichakani, pamoja na bintiye Mashavu. Mashavu akaanza kuchoka. Wenzake wakikimbia, yeye hukaa. Wenzake wakila, yeye hulamba udongo wa kichuguu. Viganja vikampauka, vikawa kama muhogo uliomenywa.

Bi Nguchiro akampeleka kwa mganga Fisi.

"Ana shetani," Fisi akasema. "Na shetani huyu hutaka maini. Yalete, nitayala mimi kwa niaba yake."

Bi Nguchiro akawinda, akaleta maini. Fisi akala, nyafu nyafu nyafu. Mashavu akazidi kupauka. Akaleta tena. Fisi akala, nyafu nyafu nyafu. Mashavu akashindwa kusimama.

Hapo Bi Nguchiro akaanza kujiuliza. Akamfunua mwanawe kope: ndani kweupe. Fisi alipopiga miayo, akamchungulia: ufizi mwekundu pyu.

"Kumbe," akawaza, "wekundu unakwenda kule yanakokwenda maini."

Kesho yake akarudi na kikapu kizito.

"Mganga, shetani amesema nami. Amekinai maini. Sasa anataka udongo wa kichuguu."

"Udongo?"

"Kikapu kizima, nawe ule kwa niaba yake. Ukimaliza, atataka maini ya nyati."

Fisi mate yakamdondoka. Akala udongo, ngwaru ngwaru ngwaru. Tumbo likawa gumu kama jiwe. Akalala hapo hapo, haendi mbele, harudi nyuma.

Siku zile zote maini yakaenda kwa Mashavu, na mchicha, na ukwaju wa kushushia. Akala, nyafu nyafu nyafu. Viganja vikaanza kupata rangi. Hamu ya udongo ikamtoka. Asubuhi moja Bi Nguchiro akaamka, mtoto hayupo. Akatoka mbio, akamkuta mtoni anafukuzana na wenzake, anawashinda. Mama akakaa chini kwenye nyasi, akalia kimya kimya.

Fisi naye alipoweza kujikongoja, akaja mlangoni.

"Bibi, na yale maini ya nyati?"

"Pole, mganga. Shetani amepona. Hataki tena kitu."

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mimi.

Na funzo lake ni hili: mama asiwe mdadisi. Akidadisi sana, waganga watakufa njaa.