Shimo la Siku Mbili

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mmeitikia nusu nusu? Mnataka ngano nusu? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa.

Hapo kale Ngiri alikuwa na mke, watoto watatu na kichuguu kimoja kikubwa. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu kujionyesha. Nyumba hakuwa nayo. Chui alipoanza kuzungukazunguka karibu, Ngiri akamwita Muhanga, fundi wa mashimo.

Muhanga akapima kwa kucha. "Hili ni shimo la siku tatu, Bwana Ngiri. Na kila siku nikichimba, nakula mchwa wako."

Siku ya kwanza akachimba, watoto wakaenea. Siku ya pili akachimba, mama akaenea. Siku ya tatu Ngiri akakitazama kichuguu chake, upande mmoja umeliwa. Moyo ukamuuma.

"Basi, fundi. Ahsante."

"Na wewe utalala wapi?"

"Nitajibana."

Mkewe akasema, "Baba watoto, mwache amalize. Makalio yatabaki nje."

"Nani ana haja na makalio yangu?"

Muhanga akajikung'uta mchanga, akaenda zake.

Haikupita wiki, mwenye haja akaja. Chui huyo! Watoto mbio, wakaingia. Mama mbio, akaingia. Ngiri mbio, akaingia mpaka mabegani, akakwama. Mke anavuta masikio huku, Chui anavuta paja kule.

"Mke wangu, vuta!"

"Navuta!"

"Bwana Chui, niachie!"

"Nikuachie vipi, na chakula nimekikuta kimewekwa mlangoni?"

Kipande cha paja kikanyofoka, Chui akaenda anatafuna. Mke akalia, akafunga kidonda kwa majani. Siku hiyo hata kumsuta mumewe hakuweza.

Ngiri akamwita Muhanga tena. Fundi akalichungulia shimo, limebomoka lote kwa vuta nikuvute. "Sasa ni siku sita." Akazichimba zote sita, na kichuguu akakila mpaka chini.

Tangu hapo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, meno yakitazama mlango.

Ngano yangu imefika kwake. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mwenyewe. Kazi ya siku tatu ukiilipia mbili, ya tatu utailipia kwa nyama yako. Nami nilipita kwao kumpa pole mgonjwa. Walinipokea vizuri, wakaniletea kigoda. Nikamwambia Ngiri naye aketi tuzungumze. Akasema anashukuru, lakini atasimama tu.