Nauli ya Damoni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Paliondokea mfalme wa Wayunani, jina lake Arkandro, mpenda sifa. Akakusanya fedha nyeupe ya watu wote, akawapa sarafu za shaba zenye uso wake. "Shaba hii ni sawa na fedha," akasema. "Atakayekataa, viboko." Mnacheka? Wenzenu walilia.

Sasa, desturi ya watu wale, akifa mtu hutiwa sarafu ya fedha mdomoni. Ndiyo nauli ya mvushaji wa mto wa wafu. Huna nauli, huvuki. Utatangatanga ukingoni milele.

Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi, Melita. Alikuwa na sarafu moja tu ya fedha, akiba ya siku hiyo. Askari wakaichukua. Mwezi haukwisha, mumewe Damoni akafa.

Melita akaenda kwa askari. "Nirudishieni fedha yangu nimzike mume wangu."

"Mzike na shaba. Ni sawa na fedha."

Akaenda kwa mtunza hazina.

"Mzike na shaba. Ni sawa na fedha."

Akaenda kwa mfalme, akapiga magoti. Mfalme anakula zabibu, hata kichwa hakuinua. "Mzike na shaba. Ni sawa na fedha."

Jamani, mtu ana maiti ndani, wewe unamtemea kokwa! Hasira hunipanda kila nikifika hapa.

Melita hakuzika. Kulipokucha, mama yake mfalme naye akafa. Mji mzima ukaitwa mazikoni. Mfalme, machozi yakimtoka, akatoa sarafu ya fedha, akainama amtie mama yake mdomoni.

"Mzike na shaba, bwana mkubwa," Melita akasema katikati ya watu. "Ni sawa na fedha."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mfalme akamtazama mama yake.

"Haitamvusha," akasema polepole.

"Na Damoni wangu, ingemvusha?"

Askari ndio waliotangulia kutupa shaba zao chini. Nao wana mama. Watu wakafuata, wakavunja mlango wa hazina, kila mtu akatwaa fedha yake. Melita akakimbia nyumbani, akaufumbua mdomo wa mumewe uliokwisha kukakamaa, akamtilia nauli.

Lakini wale waliokwisha kuzikwa na shaba, wako ukingoni mpaka leo. Hao nani atawavusha? Niambieni!

Ngano yangu imekomea hapo. Utamu wake gawaneni. Uchungu msiniachie peke yangu.