Bi Fuko Achimba Ukuta wa Mfalme

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wa nyuma mmeshiba au mmelala? Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na ukuta!"

"Ukuta wa nani?"

"Wa mfalme!"

"Basi sogeeni, niubomoe."

Hapo zamani za kale, Simba alikuwa na ukuta mrefu wa picha za kisima. Kisima hicho wanyama walikichimba wakati wa kiangazi kikali. Na zamani hizo hakuna aliyechimba bila ngoma. Kila mchimbaji alikuwa na mdundo wake, anaopigiwa yeye tu. Akifa, mdundo wake haupewi mwingine.

Aliyeyafikia maji ni Mzee Fuko. Akapiga kelele, "Maji!" Udongo ukamporomokea, akafa. Ngedere, mchoraji, akamchora ukutani akiwa mumo humo shimoni, mchafu, kucha nje, anacheka.

Simba akaja kutazama. Akatazama, akatazama, akatazama. "Mimi niko wapi?"

Ala! Wenzake wanachimba, yeye alikuwa kivulini akilalamika kwamba majembe yanamkatizia usingizi! Akaamuru Fuko afunikwe kwa udongo mweupe, na juu yake achorwe Simba mwenye jembe. Ngedere anaipenda shingo yake. Akachora.

Siku moja Simba akasema, "Hata vipofu lazima wauone ukuu wangu!" Akamteua Sungura awasimulie picha, na Kobe mpiga ngoma ampigie kila aliyechorwa mdundo wake. Wageni wakaja: Kongoni mwenye mtoto wa jicho, mafuko wa bondeni, na Bi Fuko, mjane wa marehemu.

Bi Fuko akamshika Sungura sikio. Sikio lote, lile refu.

"Mjukuu wangu, niliambiwa walimchora mume wangu. Mimi hata akiwa hai sikumwona, nilimjua kwa mdundo wake. Leo nataka kuusikia tu. Yupo?"

Sungura akageuza shingo. Nyuma yake Simba alikuwa anapumua, na pumzi yenyewe ilinuka nyama ya jana.

"Twende tukatazame, bibi," akasema. Msimcheke, jamani. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Picha ya kwanza. "Hapa ni Tembo, amebeba mawe. Masikio yamejaa vumbi, uso umekunjamana, na kwa ninavyomwona anatamani kwenda haja." Wageni wakacheka. Kobe akapiga: ndu! ndu! ndu!

"Ndiye!" Kongoni akapaza sauti. "Namwona!"

Picha ya pili. "Hapa ni Nyani, anavuta kamba kwa mkono mmoja. Wa pili unaiba ndizi ya mwenzake." Tiki-tiki! Tiki-tiki! Tiki-tiki!

Picha ya tatu. "Hapa ni shimoni. Yumo mfalme wetu Simba, ameshika jembe."

Kobe akainua mikono. Mikono ikabaki juu.

"Piga!" Simba akanguruma.

"Nipige nini, mfalme?" Kobe akauliza taratibu. "Hujawahi kuchimba. Huna mdundo."

Wenye macho waliupita ukuta ule kila siku wakisema maashallah. Vipofu wamefika mara moja tu, wamelisikia pengo. Bi Fuko akaanza kulia. "Basi hayupo," akasema. "Wamemfuta."

Kilio kile kilimchoma Sungura kuliko alivyomwogopa Simba. Akakohoa kidogo.

"Mfalme, ngoma imeshindwa kukueleza. Niruhusu nikueleze kwa maneno, kiungo kwa kiungo, huku bibi akiipapasa picha."

Simba akatunisha kifua. "Eleza! Usibakishe kitu!"

"Bi Fuko, inua mkono. Hayo ni manyoya ya shingo. Mazuri, hata chawa wake wanaringa. Shuka. Hicho ni kitambi, samahani, kifua. Shuka tena. Hapo sasa umefika kwenye makalio ya mfalme. Makalio mapana, bibi! Yamefunika mengi. Na rangi yake hapo ni nene kuliko mahali pengine pote. Mimi ningekuwa na kucha kama zako..." Akatazama mawingu.

Bi Fuko hakuwa mjinga. Na ukoo wake, ukiwawekea udongo mbele yao, wanafanya nini?

"Wanachimba!"

Akachimba. Kra! Kra! Kra!

"Makalio yangu!" Simba akapiga yowe. Makalio yakadondoka, pande la kwanza, la pili, la tatu. Na ndani yake, Mzee Fuko, mchafu, kucha nje, anacheka.

Kobe hakungoja amri. Pa-ka-tum! Pa-ka-tum! Pa-ka-tum! Mdundo ambao haukusikika tangu siku ya maji. Bi Fuko akaegemeza shavu ukutani, udongo ukamjaa usoni.

"Hata kuoga hukuoga, mume wangu," akasema, akacheka huku analia.

Simba alitaka kumrarua mtu. Lakini uwanja mzima ulikuwa unaucheza mdundo wa Fuko, na katikati yao alicheza Tembo mwenyewe, na Tembo akicheza hasukumwi. Mfalme akamgeukia Ngedere. "Nichore upya!"

"Chimba kwanza," Ngedere akamjibu.

Hajachimba. Mpaka leo pale ukutani Simba ana kichwa, ana jembe, nyuma hana.

Nami hadithi nimeichimba hadi majini. Mwenye kiu achote, mwenye makalio ayainue, twendeni tukalale.