Treni Iliyosimama Kituo cha Kati

Wapendwa, kila mmoja anyooshe mkono wake, hivi. Tazama kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganja kinapoanzia. Umeona? Kikumbuke kipimo hicho.

Kulikuwa na mji mmoja, nusu yake mlimani, nusu yake bondeni. Wakaamua kujenga reli ya kubeba watu mjini. Wa mlimani wakataka reli pana, treni nzito ibebe umati. Wa bondeni wakataka nyembamba, maana mitaa yao imebanana na kona ni kali. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulifungua vikao vyake kwa sala! Tofauti ya upana wenyewe ndiyo hiyo ya mkononi mwako.

Mzee mmoja wa bondeni akasimama kikaoni. "Mwenyekiti, kwetu, pembeni ya vyuma viwili vya njia yetu, tulaze reli ya tatu kwa upana wenu. Treni zenu zipite, na zetu zipite."

Mwenyekiti wa mlimani akacheka. "Reli ya tatu ya nini, mzee wangu? Anayetaka treni yetu ashuke kituo cha kati, aje kwetu kwa miguu."

Watu wake wakampigia makofi. Wa bondeni nao wakanuna, wakasema potelea mbali. Zikajengwa njia mbili za reli, zikakutana kituo cha kati bila kuungana. Na mwenyekiti huyo alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa bondeni.

Masika yakaja, mto ukafurika. Karakana ya bondeni ikazama na treni zote ndani. Watu wakakimbilia juu ya tuta la reli. Lakini kati yao na kituo, maji yalikuwa yakipita juu ya reli kwa kasi. Mtu angezolewa, treni nzito ingepita. Mwenyekiti akaamuru treni kubwa kuliko zote ishuke, akapanda mwenyewe, akasimama karibu na dereva. Walipofika kituo cha kati, dereva akafunga breki.

"Endesha, twende!"

"Niende wapi, mzee? Reli yetu imeishia hapa."

Simu ikaita. Ni binti yake. "Baba, niko na mtoto hapa kwenye tuta. Tunaiona treni yenu, taa zinawaka, watu wanashangilia. Baba, mbona haisogei?"

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?

Yule baba aliruka chini akimbilie maji, watu wakamshika. Tuta likamegeka akiwa anatazama. Binti na mtoto walizikwa kaburi moja.

Na sisi je? Kwenye msiba wa juzi kwaya zetu mbili zilikaa pande mbili za turubai, zikakataa kuimba pamoja kwa sababu ya sare. Sare, jamani! Hoja zenu nimezisikia zote, na nimechoka nazo. Siwaambii mvae rangi moja. Nauliza tu, ile reli ya tatu ilimshinda nani kuilaza? Nyimbo zilikuwepo, sauti zilikuwepo, mjane akakaa katikati peke yake kwenye mkeka.

Jana nilikwenda kumwona. Akaniambia, "Mchungaji, niliwaona wamekuja wote. Mbona hakuna aliyenisogelea?"

Mkitoka hapa, nendeni mkamjibu ninyi.